Insulini ina saa zake, na jiko lina saa zake

Watu wakijua kwamba unachoma insulini, dawa ya kisukari inayoshusha sukari ya damu, swali la kwanza ni lile lile: inauma? Sindano zenyewe ni fupi na nyembamba, na mtu anayerukiwa na mafuta ya maandazi kila alfajiri hawezi kuzilalamikia. Kwangu kilichokuwa kigumu ni saa. Nina kibanda cha chakula upande wa Nanenane hapa Dodoma, si mbali na stendi kuu ya mabasi, na mama lishe hali wakati watu wanakula. Asubuhi wateja wakinywa chai mimi niko kwenye karai. Mchana mafundi na madereva wa bajaji wakijaa kwenye mabenchi mimi nagawa. Nikija kukaa na sahani yangu ni saa tisa, tena kama kuna kilichobaki. Kwa mtu mwingine hiyo ni njaa tu. Kwa mtu aliyechoma insulini saa kumi na mbili asubuhi, ni hatari.

Nilianza na vidonge kama wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Metformini kwanza, baadaye wakaniongezea kidonge kingine, na kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Halafu namba zikaanza kupanda hata nikila vizuri. Nikawa naamka usiku kucha kwenda chooni, nguo zinanipwaya, macho yanaona ukungu. Kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kikavuka asilimia 10 wakati daktari alikitaka kiwe karibu na 7. Akaniambia kongosho limechoka, halitoi tena insulini ya kutosha, kwa hiyo tutaiongeza kutoka nje.

Shangazi yangu alifunga safari kutoka Mvumi aliposikia. Hata chai hakuigusa. "Mwanangu, sindano usikubali. Ukishaanza ndiyo mwisho." Akanitajia watu: fulani alianza sindano akakatwa mguu, fulani alianza sindano akapofuka. Sikubishana naye, kwa sababu watu hao nawajua na hayo yaliwapata kweli. Ila niliwauliza wenyewe, na wajane wao, mambo yalivyokwenda. Wote walikaa na sukari ya juu miaka mingi, wakihama kutoka dawa ya mizizi hadi vidonge vya kuazima, na sindano ikawakuta mishipa na macho vimeshaharibika. Ilifika mwisho ikapewa lawama ya waliotangulia.

Nesi wa kliniki yetu ana namna yake ya kujibu hofu hiyo kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Anawaambia watu kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini kule Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Kabla yake mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, alikuwa ananyimwa chakula ili aishi miezi michache zaidi, halafu anakufa. "Sasa niambieni," nesi anauliza, "nani kaletewa mwisho hapo?" Shangazi hakuwepo kusikia, lakini nilimsimulia. Alisema hao ni wazungu. Siku hizi ndiye anayenikumbusha saa ya kuchoma.

Insulini niliyopewa ni ile ya mchanganyiko wa 30/70, wengi wanaiita Mixtard. Ni insulini mbili kwenye kichupa kimoja. Asilimia 30 ni ile inayofanya kazi haraka, na 70 ni ile ya polepole, ndiyo inayokifanya kichupa kionekane cheupe kama maziwa. Ukichoma umepakia abiria wawili wanaoshuka vituo tofauti. Wa haraka anaanza kazi ndani ya nusu saa, ndiyo maana unachoma nusu saa kabla ya kula, na nguvu yake ni kubwa baada ya masaa mawili hadi matatu. Wa polepole anachelewa kuanza, kisha nguvu yake inapanda kuanzia kama saa ya nne baada ya kuchoma na inaweza kuendelea hadi ya kumi au zaidi. Hesabu hiyo hakuna aliyenifanyia. Nilikaa na daftari nikaifanya mwenyewe. Nikichoma saa kumi na mbili asubuhi, wa kwanza ananikamata saa mbili na saa tatu, na huyo hana shida kwa sababu nimekula. Wa pili anaanza kunikamata saa nne, na saa sita na saa saba yuko kazini kabisa. Ni saa zile zile ambazo nina foleni mbele ya kibanda na tumboni hamna kitu tangu chai.

Karatasi za kliniki zinasema sukari ikishuka utatoka jasho na kutetemeka. Sasa mtu aliyesimama kati ya majiko mawili ya mkaa, chini ya bati, mwezi wa Oktoba Dodoma, jasho linamwambia nini? Mimi dalili yangu ni chenji. Mteja ananipa noti ya elfu kumi, sahani ni elfu tatu, na ninaikodolea macho ile noti nashindwa kujua namrudishia ngapi. Mimi niliyezaliwa sokoni! Midomo inakufa ganzi. Halafu nakuwa mkali bila sababu. Kijiko kikianguka nafoka. Binti ninayefanya naye kazi ameshanijua. Ananishika mkono wa chakula anasema, "Dada, kaa kwanza," na hata nikimfokea hanisikilizi.

Anachofanya tumekubaliana kabla, tukiwa na akili timamu wote wawili. Vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji au chai iliyopoa, nakunywa yote. Au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haina msaada hapo. Hiyo ni kama gramu 15 za sukari. Tunasubiri dakika 15, napima. Mashine nyingi za kupima sukari hapa kwetu zinasoma kwa milimoli kwa lita ya damu, na kwenye milimoli chini ya 4 ni sukari ya kushuka. Kama bado haijafika 4, tunarudia. Ikifika, ndipo nakula chakula cha kukaa tumboni. Andazi peke yake silianzi, ingawa liko karibu, maana mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu na mwili hauna muda huo. Na nimemwambia jambo jingine: akinikuta nimezimia asinimiminie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye njia ya hewa. Anilaze ubavu, aite bajaji, hospitali. Madereva wa bajaji wote hapo ni wateja wetu, kwa hiyo upande huo sina wasiwasi.

Nilipompelekea daktari daftari langu lenye saa za kushuka, alipunguza kidogo dozi ya asubuhi, lakini akaniambia wazi kwamba dozi peke yake haitamaliza kazi. Siku hizi saa nne na nusu nakula kitu kidogo, ndizi mbivu moja au kipande cha kiazi kitamu. Na saa sita kamili, kabla wateja hawajaanza, nakaa chini nakula mchana wangu. Ilikuwa ngumu kuliko kuchoma sindano. Mama lishe kula kabla ya wateja inaonekana ni kukosa adabu ya biashara. Mzee mmoja muuza magunia aliniambia, "Mama, leo umeanza mwenyewe, chakula kina nini?" Nikamjibu kina dawa. Sasa wameshazoea, na kuna wawili waliokuja kuniuliza kwa sauti ya chini kama kliniki inapokea mtu bila barua.

Kuna jirani yangu Nzuguni aliyetaka nimwambie nachoma yuniti ngapi ili na yeye ajipangie. Nachoma 20 asubuhi na 12 jioni, na namba hizo hazimfai mtu mwingine yeyote. Hata mimi hazikunifaa mwaka jana. Kilicho cha kuazimana ni namna ya kuvuta dawa. Sindano ya insulini yenye kofia ya rangi ya chungwa ni ya insulini ya yuniti 100 kwa mililita, ambayo ndiyo tunayopewa. Lakini zipo za ujazo wa mililita moja na zipo za nusu mililita. Kwenye nyingi za mililita moja kila kistari ni yuniti mbili, na kwenye ile ya nusu kila kistari ni yuniti moja. Dirishani wakikupa aina tofauti na uliyoizoea na wewe unahesabu vistari badala ya kusoma namba, unaweza kuchoma mara mbili ya dozi yako au nusu yake. Mimi kila nikipokea pakiti mpya nasoma kwanza. Kichupa cha mchanganyiko nakiviringisha taratibu kwenye viganja hadi weupe uenee sawasawa, sikitikisi kwa nguvu kisije kikajaa povu. Nikishachoma, nahesabu hadi kumi kabla ya kutoa sindano.

Kuhusu kupima, nina kisa cha embe. Ilikuwa Desemba, nimemenya maembe ya juisi ndoo nzima, nikafuta mikono kwenye kanga nikachukua mashine. 17.4. Nilijisikia mzima kabisa. Nikaenda kunawa kwa sabuni, nikakausha, nikatoboa kidole kingine: 8.1. Ile sukari ya kwanza ilikuwa ya embe, haikuwa ya damu yangu. Tone la damu ni dogo sana, na utomvu wa tunda ulioganda kwenye ngozi unatosha kuiharibu namba yote. Fikiria mtu aliyeruhusiwa kuongeza dozi kwa kuangalia mashine, anajiongezea yuniti kwa ajili ya embe asilolila. Kwa hiyo maji na sabuni kwanza, tena kukausha, kwa sababu damu ikichanganyika na maji nayo inasoma vibaya. Kopo la stripu, vile vipande vinavyopokea tone la damu kwenye mashine, linafungwa mara tu unapotoa moja.

Stripu ndizo zinazokula pesa. Mashine unaweza kuipata kwa bei nafuu, hata kupewa bure kwenye siku za upimaji, halafu ukabaki unanunua stripu maisha yako yote. Wengi ninaokutana nao kliniki wanapima asubuhi tu, kabla ya kula, kwa sababu ndivyo walivyozoeshwa na kliniki. Ukiwa na stripu chache, saa hiyo moja kila siku inakuonyesha pembe moja ya nyumba. Mimi nazungusha. Leo kabla ya chai, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya cha jioni, siku inayofuata masaa mawili baada ya kula. Wiki mbili zikiisha, kwa stripu zile zile, ninajua sukari yangu inakwendaje saa zote. Kabla ya kula natafuta kati ya 4 na 7, masaa mawili baada ya kula isizidi 10. Ndivyo daktari wangu alivyoniwekea. Kwa wazee sana wanaruhusu iwe juu kidogo, kwa sababu kushuka na kuanguka kwao ni hatari zaidi.

Na kuna stripu ya saa tisa usiku, ambayo hakuna anayeipenda. Kipindi fulani nilikuwa naamka na 12 au 13 ingawa nililala na 7. Binamu yangu akashauri niongeze dozi ya jioni, maana sukari ya asubuhi iko juu. Daktari akasema kabla ya kugusa chochote nipime saa tisa usiku, siku kadhaa. Kama saa tisa iko chini, dozi ya jioni ni kubwa mno na ukiiongeza unaweza usiamke. Kama saa tisa iko sawa na asubuhi iko juu, basi ni homoni za alfajiri zinazoliambia ini litoe sukari mwili ujiandae kuamka. Mimi yangu ilisoma 4.3, 3.6, 4.0: ilikuwa inashuka usiku. Binamu yangu ni mtu mwema, lakini ni fundi umeme.

Sasa chakula. Wagogo tuna majivuno na uwele, na mimi sijambo kwa hilo. Watu wenye kisukari wanakuja kibandani wakiuliza kama kuna ugali wa uwele, wakishaambiwa upo wanaagiza mlima, eti hauna sukari. Nilijipima mwenyewe, sahani ya ukubwa ule ule, mlenda ule ule: sembe, dona, uwele, kila kimoja siku yake. Sembe ilinipandisha zaidi. Dona na uwele vilipandisha taratibu, kwa sababu ya zile pumba na nyuzinyuzi. Lakini nilipokula uwele wa sahani mbili, namba ikaipita sembe ya sahani moja. Uwele ni wanga. Ni wanga bora, nami naupika kwa moyo wote, ila mteja wangu mwenye kisukari nampimia ukubwa wa ngumi yake na mboga najaza nusu ya sahani. Wengine wananuna wanadhani nawabania.

Asali ya Manyoni ni kesi nyingine. Tamu, safi, ya miombo, na kila mtu ana ndugu anayeapa kwamba asali haipandishi sukari kwa kuwa ni ya asili. Inapandisha. Ningependa isingepandisha.

Zabibu ndizo zilizonipa raha. Msimu ukifika ndoo zimepangwa kando ya barabara kuanzia Mpunguzi, na mwenye kisukari anapita akiangalia pembeni. Nilimuuliza mtaalamu wa lishe, akanifundisha kuhesabu punje: zabibu ndogo 15 hadi 17 zina wanga kama gramu 15. Ukila kiasi hicho pamoja na chakula na ukapunguza ugali, unaweza. Nami nimeongeza langu: msimu wa zabibu kifuko changu cha dharura hakina pipi, kina zabibu. Sukari ikishuka nahesabu kumi na saba, natafuna. Ni dawa pekee niliyowahi kuisubiri kwa hamu. (Zabibu kavu ni habari nyingine. Maji yameondoka, sukari imebaki yote, na kiganja kidogo kinatosha kukuharibia siku.)

Joto la hapa kwetu nalo linataka akili. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinavumilia kukaa nje kwa wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30, na chumba cha bati Novemba kinavuka hapo kabla ya saa tano asubuhi. Nilikuwa sina friji. Kliniki walinifundisha mtungi, na bado nautumia hata sasa umeme ukikatika. Unachukua chungu kikubwa na kidogo, vyote vya udongo usiopakwa rangi. Kidogo kinaingia ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, mchanga unaulowesha asubuhi na jioni. Kichupa kinafungwa kwenye mfuko mkavu kinawekwa kwenye chungu cha ndani, juu unafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yanavyokauka yanaondoka na joto. Ukiingiza mkono mchana unashangaa. Hapa Dodoma hewa ni kavu, maji yanakauka upesi, kwa hiyo mtungi unafanya kazi vizuri. Dada yangu alijaribu Dar es Salaam akaniambia haoni ukipoa, na ni kweli, hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mtungi haufikii baridi ya friji. Nautumia kwa kichupa kimoja ninachokitumia, na ambavyo havijafunguliwa natafuta friji.

Friji ya kwanza ilikuwa ya jirani, mwanamke mkarimu sana, ambaye wanawe wanauza barafu za ukwaju. Walitaka nafasi, wakavisogeza vichupa vyangu hadi vikagusa ukuta wa friza. Nilipovichukua vilikuwa vimeyeyuka tena na kwa mbali vilionekana vizima. Nikakiinua kimoja kwenye mwanga wa mlangoni nikakiviringisha. Chembe nyeupe zilikuwa zimeng'ang'ania kioo na hazikuchanganyika hata nilivyoviringisha muda mrefu. Insulini iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka. Tulivitupa vyote, yeye analia kuliko mimi. Baada ya hapo vichupa vyangu vinakaa kwenye mlango wa friji, ndani ya kopo la plastiki lenye jina langu, na watoto wanajua kopo hilo halisogezwi.

Nikisafiri kwenda Mvumi vinakaa kwenye mkoba wangu wa begani. Haviendi kwenye buti la gari, haviendi mbele kwa dereva kwenye kioo.

Misiba na harusi zinahitaji moyo mgumu. Msibani mimi huwa napelekwa jikoni moja kwa moja, hawajui kuniona bila mwiko. Chakula kinasubiri maziko, maziko yanasubiri ndugu kutoka Mwanza, na saa tisa inafika. Nakuwa na biskuti na chupa ya soda kwenye mkoba, nazunguka nyuma ya nyumba nakula, na mama mkwe anajua kwa hiyo wengine waseme. Harusi ni jioni, na hapo sheria yangu ni moja: sichomi mpaka nione sufuria. Kadi inasema saa kumi na mbili, mshereheshaji anasema chakula kiko njiani, na chakula kinafika saa nne usiku baada ya keki, zawadi na hotuba za pande zote mbili. Aliyechoma saa kumi na mbili kwa kuamini kadi ataanguka wakati wa keki. Kichupa kiko mkobani. Wakianza kunawisha meza kuu, naingia chooni nachoma, na ninakula nusu saa baadaye nikiwa mtu wa mwisho kwenye foleni.

Nikiumwa, ndugu wananiambia, "Hujala, usichome." Inaingia akilini, na ndiyo hatari yake. Malaria ilipompata mwenzetu mmoja wa kliniki, hakula siku nzima na sukari ikasoma 22. Mwili ukiwa na homa unalilazimisha ini kumwaga sukari hata kama tumbo ni tupu. Kwa mwenye aina ya kwanza kuacha insulini kabisa kunaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili: mwili unaanza kuchoma mafuta, damu inajaa tindikali, anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyovunda. Nikiumwa napima kila baada ya masaa manne, nakunywa maji, napiga simu kliniki niulize dozi ipunguzwe au ibaki. Nikitapika mfululizo sisubiri kukuche.

Kuna mzee mkulima wa mpunga kutoka Bahi tunayekutana naye kwenye benchi la kliniki. Alikuwa na namba zisizoeleweka, leo 5 kesho 18, na wote tulidhani anaiba soda. Nesi akamwambia, "Shikamoo baba, naomba nione tumbo." Akambonyeza kushoto kwa kitovu, pakawa na uvimbe mgumu wa mafuta, ukubwa wa limau. Mzee alikuwa anachoma hapo hapo miaka yote kwa sababu hapaumi tena. Insulini ikiingia kwenye uvimbe huo inanyonywa leo nyingi kesho kidogo. Wakamhamishia upande wa pili na mapajani, wakampunguzia dozi kwanza, kwa kuwa mahali pazima inanyonywa yote na angeshuka ghafla. Sasa anatembea na mchoro wa tumbo alioupiga kwa kalamu kwenye daftari la mjukuu, na kila sehemu ina siku yake.

Kwa sasa ninabishana na daktari, kwa heshima. Nimemwomba tuachane na mchanganyiko, nipewe ile ya polepole usiku na ile ya haraka kabla ya kila mlo. Sindano zitakuwa nne kwa siku badala ya mbili, lakini chakula kikichelewa, na sindano yake inachelewa nacho. Yeye anasema stripu zitaongezeka, na sindano zitakuwa jikoni kwangu, penye mikono mingi na watoto wa watu. Tumekubaliana nimpelekee daftari la wiki mbili, likiwa na saa za kula zilizoandikwa kwa ukweli, pamoja na usiku tatu za saa tisa. Nimebakiza usiku mmoja. Kliniki ni Jumanne; binti atauza chai na maandazi peke yake hadi saa tano, na ugali siku hiyo utachelewa.